Kadi yenye Feni Mbili

Kabambare, tarehe 19 Mei 2024

Kwa mudogo wangu wa tumbo moja Faradji, fundi wa kompyuta, Kasongo.

Salaam aleikum. Huku tu wazima. Mvua zimeaga, barabara ya Salamabila imekauka na vumbi limerudi kwenye nguo. Mihogo imetoka vizuri, nguruwe pori wametuachia nusu. Nimesikia binti yako Hidaya ameolewa. Habari nilipewa na muuza chumvi aliyepita hapa. Aliniona, akanipa hongera, kisha akaona uso wangu akanipa pole. Mungu ampe mtoto nyumba yenye amani. Juu ya hilo sina zaidi.

Nakuandikia kwa sababu simu huku inashika kilimani tu, na kilimani kila mtu amesimama na masikio yake. Haya nitakayosema sitaki yasikiwe. Heri wa pikipiki atakukabidhi mkononi, na jibu umpe yeye.

Ni mashine yako. Mashine uliyonitengenezea kwa ajili ya jumba langu la sinema inaua filamu. Picha inatembea kama mtu mwenye mwiba mguuni, inasimama, inaruka, inasimama tena, na sauti imekwisha kutangulia mbele. Unamjua Jean-Baptiste, yule anayesimama kando ya pazia kututafsiria kila neno kwa Kiswahili na Kibangubangu. Siku hizi anasikia risasi kabla ya kuona bunduki. Juma lililopita alimlilia marehemu ambaye kwenye picha alikuwa bado anakula.

Tena hiyo ni nusu tu ya balaa. Jioni mimi naonyesha filamu mbili zinazofuatana, wewe unajua. Tangu mashine hii ifike mwezi wa nne, betri zinakatika kabla ya mwisho wa filamu ya pili. Kila siku. Hakuna mtu wa Kabambare anayejua mwisho wa filamu ya pili! Gizani Jean-Baptiste anapanda juu ya benchi na kumalizia kwa mdomo, mwisho anautunga mwenyewe. Akiwa ameshiba, shujaa anaoa. Akiwa na njaa, anamuua. Wanapiga kelele: "Jean-Baptiste, umemuua tena? Jana alipona!" Wengine wanacheka. Walio wengi hawarudi.

Na Hamadi, mwenye nyumba, ameliona. Alikuja akasimama mlangoni akiangalia mabenchi matupu. Akasema: "Mama Amisa, mimi niko na mupunga. Mupunga haulalamiki, na haudai kuona mwisho." Amenipa hadi mwisho wa mwezi wa saba. Jumamosi ya mwisho atakuja kuangalia. Asipokuta walau nusu ya mabenchi yangu ishirini na manne yamejaa, nyumba inakuwa depo yake ya mpunga. Jumba hili nililianza na televisheni moja niliyoibeba kichwani kutoka Salamabila. Sitalitoa kwa magunia.

Nipe dawa, haraka.

Yaya wako, dada yako wa pekee,
Amisa

Kasongo, tarehe 2 Juni 2024

Yaya Amisa,

Waaleikum salaam. Nyumbani kwangu hatujambo. Mpunga umevunwa, watoto wanakohoa kwa vumbi, mama yao anakusalimia. Hidaya yuko kwa mume wake nyuma ya soko, hajambo. Kiti cha shangazi kilikaa wazi tangu asubuhi hadi wageni walipotawanyika. Watu waliona. Hayo tuyaache. Umeniandikia juu ya mashine, nami nakujibu juu ya mashine.

Nitakueleza polepole ili usiseme nakuficha. Filamu haisafiri ikiwa imenyooka, ingejaza nyumba. Inashindiliwa kama nguo kwenye gunia la mitumba. Kila baada ya miaka kadhaa wanabuni namna mpya ya kushindilia: filamu inazidi kuwa ndogo, lakini kazi ya kuikunjua inazidi kuwa kubwa. Kukunjua huko sisi mafundi tunaita kusimbua, na njia ziko mbili. Ndani ya kadi ya picha kuna sehemu iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Ni kama mashine ya kukoboa mpunga: unamimina huku, mchele unatoka kule, hakuna jasho. Lakini kadi isipoijua namna iliyotumika, kazi yote inamrudia ubongo wa kompyuta, naye anatwanga kwa kinu na mchi, picha moja moja. Anachoka, anapata joto, anakunywa umeme wako wote. Ndiyo maana filamu zako zinachechemea na betri zinakufa.

Mfumo niliokuwekea ni huria. Haukuibwa, hauna virusi, na programu inayoiendesha kadi imeandikwa na watu wanaoonyesha kila mstari wa kazi yao bure. Ila baadhi ya wanaoigawa hukata sehemu ya kusimbua kabla ya kuigawa, kwa kuogopa makampuni yenye haki juu ya namna hizo za kushindilia. Ukiiweka kama ilivyo, unapata kinu na mchi. Mimi niliirudisha sehemu hiyo kwa mikono yangu miwili, jambo ambalo hapa Kasongo sijui nani mwingine angeliweza. Asante sikuipata.

Basi usiseme mashine yangu inaua filamu. Wauaji ni hao wa Salamabila wanaokujazia filamu kwenye flashi. Wanataka filamu arobaini ziingie mahali pa ishirini, kwa hiyo wanazishindilia kwa namna mpya kabisa mpaka mifupa inalia. Kadi iliyomo humo inajua namna za zamani. Hizo mpya haizijui, na hakuna programu ya dunia itakayoifundisha. Nilikuuliza: utaonyesha nini? Ulijibu: "Filamu." Sawa na kumwambia fundi cherehani nishonee nguo.

Onyesha filamu moja badala ya mbili. Na usifungue sanduku la mashine. Nimebandika karatasi ya muhuri. Ukiikata, mimi mashine hiyo sitaigusa tena.

Ni mimi,
Faradji

Kabambare, tarehe 11 Juni 2024

Faradji,

Salamu. Tu wazima. Mke wako mwambie nimezipokea zake.

Nimesoma habari ya kinu. Imenifaa, kwa maana umeandika mengi kuliko ulivyotaka.

Kwanza hesabu. Wewe ulisoma darasani. Mimi nilisoma kwa kuwauzia mawese wachimba dhahabu, na ukikosea hesabu yao wanarudi na sururu. Kwenye kidhibiti cha plaki za jua zinazojaza betri kuna kioo kidogo kinachoonyesha wati. Nimekaa mbele yake jioni nzima. Projekta inakula tisini. Vipaza sauti sitini. Mashine yako, uliyoniapia kwamba itakula sabini, ikionyesha filamu inakula mia na sabini. Jumla mia tatu na ishirini. Betri zangu zinatoa wati-saa elfu moja na mia mbili kabla ya kukatika. Gawanya. Saa tatu na dakika arobaini na tano. Filamu zangu mbili zinataka saa nne. Kwa hiyo ile robo saa ya mwisho, pale mwovu anapopata malipo yake, Kabambare iko gizani na Jean-Baptiste yuko juu ya benchi.

Nionyeshe filamu moja, unasema. Unajua wanaokuja kwangu ni nani? Ni watu wanaoshuka kutoka machimboni siku moja kwa juma, wamepanda pikipiki juu ya mawe mpaka viuno vimelegea. Wakifika kukuta filamu moja, wanageuza. Jumamosi iliyopita mabenchi yaliyojaa ni tisa. Hamadi alikuwapo. Alipima urefu wa ukuta kwa hatua zake, akijifanya anatembea.

Sasa neno lako. Umeandika: "Kadi iliyomo humo inajua namna za zamani." Nimelisoma mara nyingi. Kadi niliyokukabidhi niliinunua mwenyewe Kigoma. Kabla sijatoka dukani nilimwambia muuzaji aichomeke kwenye mashine yake, nikampa flashi ya Salamabila, hii hii iliyoshindiliwa mifupa. Filamu ilitiririka. Muuzaji akanywa chai, kompyuta haikutoa hata joto. Hiyo ndiyo sababu niliinunua. Kadi hiyo ilizijua namna mpya. Imesahau lini?

Nimekata muhuri wako. Ndiyo, nimeukata kwa kisu cha jikoni. Kadi yangu ilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na feni mbili. Iliyomo humu ni fupi kama kiatu cha mtoto, feni ni moja, na vumbi lililoganda juu yake lina umri mkubwa kuliko mashine yenyewe.

Usinieleze tena mpunga. Swali ni moja: kadi yangu iko wapi?

Amisa

Kasongo, tarehe 6 Julai 2024

Yaya,

Barua yako ilifika siku nyingi, nilikuwa na kazi. Heri alipita mara mbili kudai jibu nikamwambia sijamaliza kuandika. Sasa nimemaliza.

Umekata muhuri. Nilikuonya. Usinitumie mashine hiyo tena.

Unauliza kadi iko wapi. Nami nina swali la kwangu, nimelibeba tangu mwezi wa nne, na nilisema tuyaache, lakini wewe si mtu wa kuacha: siku ya harusi ya Hidaya ulikuwa wapi?

Sitasema kwa mafumbo. Katika nyumba yetu bibi arusi anatolewa chumbani na shangazi yake. Si mama, si bibi, ni dada wa baba. Nami dada ninaye wewe tu. Hidaya alivaa, akafunikwa, akakaa. Wanawake wakamwambia jua linapanda. Akasema: "Shangazi atafika, tumungojee. Barabara iko mubaya tu." Wakwe walikuwa nje kwenye mikeka, wanatazamana. Mama wa bwana arusi akauliza kwa sauti ya kila mtu asikie: "Kwani huyu mutoto hana ukoo wa baba?" Mwishowe mtoto wangu alitolewa na jirani. Jirani, Yaya! Mwanamke anayetuuzia maandazi!

Wala usiniambie hukualikwa. Mwaliko wako ulikuja na mashine yenyewe, kwenye flashi nyekundu. Siku hizi hapa Kasongo watu wenye heshima wanaalikana kwa video. Nami nilitengeneza moja ambayo haijawahi kuonekana mjini: picha kubwa kabisa, safi, unahesabu uzi wa nguo. Humo mlikuwa na majina ya ndugu wote, na la kwako kabla ya mengine, kwa herufi za dhahabu: Shangazi Amisa, ndiwe unayengojewa.

Na uliiona. Heri alikuwapo ulipoifungua. Nilimuuliza akanijibu: "Mama Amisa aliitazama mpaka mwisho, akazima, akanyamaza." Kunyamaza kwako ndiko nilikokupokea kama jibu.

Sasa uliza kadi.

Faradji

Kabambare, tarehe 10 Julai 2024

Faradji,

Leo huna salamu kutoka kwangu. Za Hidaya ziko chini.

Heri hakukudanganya. Niliitazama flashi nyekundu mpaka mwisho. Nikwambie nilichoona. Maua. Waridi jekundu na majani yake, limejaa ukuta mzima. Wimbo ukaanza, nikangoja waridi lisogee. Halikusogea. Wimbo uliimba, ukapanda, ukashuka, ukaisha, waridi limesimama pale pale. Heri akauliza: "Ni nini, Mama?" Nikamwambia: "Ni maua. Faradji anajaribu vipaza sauti." Nikazima. Huko ndiko kunyamaza kwangu.

Hakuna jina langu nililoliona. Hakuna dhahabu. Mashine uliyonipa haikuweza kuukunjua mwaliko uliouweka ndani yake.

Nani aliitoa kadi ambayo ingeukunjua? Hujajibu, lakini umesema. Picha kubwa kabisa, isiyowahi kuonekana mjini: uliitengenezea nini, Faradji? Kwa kadi ipi? Kinu chako cha zamani hakitoi mchele wa namna hiyo. Ulichukua macho yangu, ukayatumia kuchora mwaliko, halafu ukamtumia kipofu mwaliko wa kutazama. Na kipofu asipokuja unakasirika.

Haya, weka hilo kando, nikuulize la pili. Tangu lini shangazi anaalikwa kwa flashi? Shangazi anafuatwa. Anatumwa mtu mzima mwenye kitenge begani. Anabisha hodi, anakaa, anakula, anasema alichotumwa, na asubuhi anaondoka na shangazi. Wewe mwenyewe ulitumwa Nyangwe kumfuata shangazi yetu nilipoolewa mimi. Ulirudi naye kwa mtumbwi, umelowa mpaka kiunoni, na ulikuwa unacheka. Barabara ya kwangu haina hata mto wa kuvuka kwa mtumbwi, lakini ulimpa Heri sanduku, ukampa flashi, na neno la mdomo hukumpa. Ulitaka tuone ufundi wako.

Muuza chumvi alipoondoka siku ile nilifunga mlango wa jumba, nikalia mpaka filamu ya kwanza ikachelewa kuanza. Hilo sikukuandikia, na sasa nimeliandika. Lisome mara moja tu.

Zimebaki wiki tatu zisizotimia. Mabenchi ni saba. Hamadi ameleta mizani yake ya magunia, ameiweka barazani kwangu, anasema ni kwa muda, jua linaiharibu kule kwake. Rudisha kadi. Mpe Heri huyu huyu, leo.

Hidaya mpelekee salamu hizi kwa maneno haya haya: shangazi yako hakukukataa.

Amisa

Kasongo, tarehe 14 Julai 2024

Yaya Amisa,

Sisi wazima. Nimesoma mara moja kama ulivyosema, halafu nikasoma tena.

Kadi ninayo. Iko ndani ya mashine yangu ya kazi, haina mkwaruzo. Niliitoa ya kwako nikaweka ile fupi ili nikusafirishie mashine mapema, maana harusi ilikuwa imekaribia na mwaliko ulitaka kadi yenye nguvu. Nilikusudia kuirudisha baada ya harusi, utakapokuja. Ungekuja, ungeondoka nayo. Ndiyo mpango ulivyokuwa. Halafu hukuja, na watu wakasema waliyosema, nami nikajiambia: shangazi asiyekuja hana haraka na kadi.

Juu ya flashi, nakubali kitu kimoja tu. Video niliijaribu hapa kwenye mashine yangu, ikaenda vizuri. Kwenye ya kwako sikuijaribu, ilikuwa imekwisha kufungwa kamba kwenye pikipiki. Lakini ungepanda kilimani uniulize: "Maua haya ni ya nini?" Mtu anayeuliza kila kitu, siku hiyo hukuuliza. Hilo ni lako, sio langu.

Juu ya kufuatwa: dunia imebadilika. Ningemtuma nani, kwa barabara hiyo?

Sasa sikiliza masharti. Kadi siwezi kuitoa mwezi huu. Video za harusi tatu za watu zinanisubiri kukatwa na kuunganishwa, na zile za familia kubwa hazitaki kungoja. Nitaitoa mwisho wa mwezi wa nane. Lakini simpi Heri. Uje Kasongo mwenyewe, ukae mbele ya wakwe wa Hidaya, useme kwa kinywa chako kwamba kutokuja kwako hakukuwa dharau. Ukimaliza, nitaichomoa mbele yako na kukukabidhi.

Najua Hamadi ana tarehe yake. Nami ninayo yangu.

Hidaya salamu nimempa. Habari ya kadi haijui, na usimwambie. Huyo ni mtoto wa watu sasa, tusimwingize.

Faradji

Kabambare, tarehe 4 Agosti 2024

Kwa Faradji, Kasongo.

Salaam aleikum. Huku tu wazima kabisa, alhamdulilahi. Vumbi ni lile lile. Mbuzi wangu mweusi amezaa mapacha.

Barua yako ya masharti ilinikuta nimeshika mfuko wa safari. Sikusafiri kuja kwako. Niliisoma ile ya mwezi wa sita tena, ya kinu na mashine ya kukoboa. Humo ulikuwa umeandika, kwa kunitukana, kwamba hii kadi fupi inajua namna za zamani. Nikajiuliza: kama kadi haiwezi kufundishwa namna mpya, nani amekataza filamu kurudishwa kwenye ya zamani?

Nikapanda pikipiki hadi Salamabila kwa Glody, ndiye anayenijazia flashi. Nikamwambia anitolee filamu zangu zote kwa namna ya zamani. Akacheka mpaka akashika meza. "Mama, ile inakula nafasi! Flashi ya filamu makumi ine itaingiza makumi mbili tu. Watu watasema Glody anawaibia." Nikamwambia: "Glody, miezi mitatu sasa nina filamu arobaini zisizo na mwisho. Nipe ishirini zenye miisho." Akaiacha mashine yake ifanye kazi hiyo, nami nikalala kwa muuza mawese mwenzangu wa zamani.

Nimekaa tena mbele ya kioo cha wati. Mashine inakula themanini. Picha inakwenda bila kuchechemea, sauti na mdomo vimeshikana mikono. Jumla mia mbili na thelathini, saa tano na zaidi. Hiyo programu huria uliyoirudishia sehemu yake inafanya kazi vizuri sana. Nakushukuru kwa hiyo, kwa kuwa ni haki yako, na sipendi kubaki na haki ya mtu.

Jumamosi ya kwanza filamu ya pili ilipofika mwisho, watu hawakuondoka. Walikaa wametazama pazia jeupe, kama wanangoja ruhusa. Kisha mzee mmoja akasema: "Kumbe aliishi?" Nyumba ikalipuka. Jean-Baptiste amekasirika, anasema mwisho wa kwake ulikuwa mutamu kuliko, na nusu ya watu wanamuunga mkono, kwa hiyo sasa baada ya filamu wanabaki kubishana naye. Wengine wanakuja kwa ubishi huo tu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Hamadi alifika na kanzu yake ya Ijumaa. Alihesabu mabenchi kwa kidole, akahesabu tena kutoka nyuma. Ishirini na moja. Akakaa kwenye la ishirini na mbili, akatazama filamu zote mbili, na kwenye ya pili alitoa machozi, nilimwona. Asubuhi alikuja kuchukua mizani yake. "Mupunga nitapeleka kwingine," akasema. Sikumsaidia kuibeba.

Sasa kadi. Siitaki tena. Usiifunge, usiichomoe, usinitafutie tarehe.

Lakini si yako. Shangazi haachi bibi arusi aende kwa mume mikono mitupu, na mimi zawadi yangu ilikuwa haijatoka. Nimempa Hidaya kadi hiyo. Heri amepita kwake kwanza kabla ya kukuletea hii, kwa hiyo unaposoma hapa yeye amekwisha kusoma. Nimemwandikia inavyofanana: ndefu kama mkono, feni mbili. Nimemwandikia iliko. Nimemwandikia na jinsi ilivyofika hapo, kuanzia Kigoma mpaka kwenye waridi, kwa maana mtoto aliyekaa amefunikwa akimtetea shangazi yake mbele ya wakwe anastahili kujua alikuwa na haki.

Ulisema huyo ni mtoto wa watu sasa, tusimwingize. Ni kweli ni wa watu, na ndiyo maana zawadi yake mtaizungumza mbele ya mume wake.

Kwa wakwe nitakuja. Nitakuja siku nitakapofuatwa, na Hidaya ndiye atakayemtuma wa kunifuata. Wewe usitume mtu.

Zile harusi tatu zinazokungoja, kama haziwezi kwenda bila feni mbili, vaa viatu, pita nyuma ya soko, bisha hodi, umwombe mwanao akuazime. Ongea naye kwa adabu, Faradji. Unaomba mali ya mke wa mtu.

Shangazi wa Hidaya,
Amisa